Je, sote wawili tunaweza kuwa baba katika mimba moja?

SWALI: Mimi na mume wangu tunatafuta watoto kupitia mama mbadala, yaani mwanamke atakayetubebea mimba. Mchangiaji wa mayai tumeshampata, na kila mmoja wetu angependa mbegu zake zitumike. Je, viinitete viwili (mayai yaliyokwisha kurutubishwa), kimoja changu na kimoja chake, vinaweza kupandikizwa kwa pamoja ili tupate pacha?

JIBU: Ndugu msomaji, kitaalamu inawezekana, lakini mimi siwashauri.

Kugawa mayai si tatizo. Mchangiaji hudungwa homoni kwa muda wa siku 10 hadi 14 hivi, mayai huvunwa takriban saa 36 baada ya sindano ya kuyakomaza, kisha maabara huyatenga mafungu mawili. Kila kisahani huandikwa jina la mwenye mbegu, na mtaalamu wa pili husimama kando akilisoma jina hilo kwa sauti kabla yai halijaguswa, kwa maana darubini haiwezi kuonyesha kwamba lebo zimebadilishana. Viinitete vikifika siku ya 5 au ya 6 hugandishwa kwenye naitrojeni ya kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri, na vinaweza kukaa humo miaka mingi.

Shida inaanzia kwenye kupandikiza viwili. Mimba ya pacha humwongezea anayeibeba hatari ya kifafa cha mimba, ya kuvuja damu nyingi baada ya kujifungua na ya kupasuliwa, nao watoto huzaliwa njiti mara nyingi zaidi. Yaani ninyi mnaokoa muda, na mwili unaolipa ni wa mwanamke ambaye hata mtoto hatabaki naye. Tena kiinitete kimoja kinaweza kujigawa tumboni, mkajikuta na watatu. Kikishika kimoja tu, hamtajua ni cha nani mpaka mpime vinasaba, na wapo wenzi wanaoapa kwamba hilo haliwahusu hadi siku mtoto anapozaliwa.

Pandikizeni kimoja, mwacheni mama apumzike ipasavyo baada ya kujifungua, kisha mrudie cha pili ikiwa yeye mwenyewe yuko radhi. Mayai yakiwa ya mchangiaji yuleyule, watoto wenu watakuwa ndugu kwa upande wa yai.

Sheria nayo iangaliwe mapema. Uingereza, aliyezaa ndiye mama kisheria hata kama yai si lake; wenzi huomba amri ya mahakama ya kuwafanya wazazi, kwa kawaida ndani ya miezi 6, angalau mmoja wao awe na uhusiano wa vinasaba na mtoto, na ridhaa ya mama huyo haihesabiki kabla ya wiki 6 tangu kuzaa. California, mahakama inaweza kuwatambua kabla mtoto hajazaliwa. Italia, tangu 2024, raia wake anaweza kushtakiwa hata akitumia mama mbadala nje ya nchi.

Kabla ya kusaini chochote, kubalianeni kwa maandishi kiinitete cha nani kitatangulia, na iwapo kikishindikana mtarudia cha huyohuyo au zamu itahamia kwa mwenzake.