Jina Lina Mlango, Jinsia Haina: Maswali Yenu Kuhusu Sheria ya Kenya

Niliandikishwa mwanamume nilipozaliwa, lakini ninaishi kama mwanamke. Nataka kitambulisho na cheti cha KCSE, ule mtihani wa kumaliza sekondari, vifanane nami. Nianzie wapi?

Anza na jina, na uliombe peke yake. Ukiomba jina na jinsia kwa pamoja, utarudishwa na vyote viwili, hata kile ambacho ungepewa bila matata.

Wakili huandaa hati ya kubadili jina chini ya kanuni za mwaka 1967. Unaitia saini mara mbili, kwa jina la zamani na kwa jina jipya, na mtu anayekufahamu anaapa kwamba wewe ndiwe yule yule. Hati inasajiliwa kwa Msajili wa Hati, kisha tangazo linatoka katika Gazeti Rasmi la Serikali. Likitoka, lisome herufi kwa herufi. Hati ikisema Njeri na Gazeti liseme Njeeri, karani wa vitambulisho anaona watu wawili, nawe unaanza upya. Weka nakala kadhaa za ukurasa huo. Benki na chuo watazitaka.

Jinsia ndipo pagumu. Sheria ya Usajili wa Watu, Sura ya 107, inataka jinsia iingizwe kwenye daftari, ila haijaweka fomu wala hatua yoyote kwa aliyeibadili. Barua ya daktari hueleza hali yako vizuri, lakini haimpi karani mamlaka ambayo sheria haikumpa. Kumgombeza pale dirishani ni kupoteza asubuhi.

Kuhusu cheti cha KCSE, kesi ya kushika ni ya Audrey Mbugua, mwanamke aliyebadili jinsia, dhidi ya Baraza la Mitihani, iliyoamuliwa na Mahakama Kuu ya Nairobi Oktoba 2014. Wengi huisimulia vibaya. Mahakama haikuamuru alama ya jinsia igeuzwe kutoka ya mwanamume iwe ya mwanamke. Iliamuru jina libadilishwe na alama ya jinsia iondolewe kabisa, kwa hoja rahisi: mtahiniwa hupewa maksi kwa alivyoandika, wala si kwa jinsia yake, kwa hiyo cheti hakipungui chochote. Basi omba hivyo hivyo, cheti kisicho na alama ya jinsia. Ombi la namna hii limekwisha kukubaliwa mahakamani.

Peleka barua kwa Baraza, baki na nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa. Taja Kifungu cha 35(2) cha Katiba, kinachokupa haki ya kusahihishiwa taarifa zisizo za kweli au za kupotosha, na sehemu ya 40 ya Sheria ya Kulinda Data ya 2019. Wakikataa, dai sababu kwa maandishi. Afisa asipotoa sababu, sheria inachukulia kwamba hakuwa na sababu njema. Malalamiko kwa Kamishna wa Data, anayesimamia sheria hiyo ya 2019, yanapaswa kukamilishwa kwa siku 90. Ukielekea mahakamani kutaka uamuzi ubatilishwe, hesabu ya kawaida ni miezi sita tangu uamuzi utolewe, na wengi huimaliza wakingoja kuitwa ofisini.

Polisi akiona sura haifanani na kitambulisho, nina kosa?

Shtaka wanalolikimbilia ni kujifanya mtu mwingine, sehemu ya 382 ya Kanuni ya Adhabu. Sehemu hiyo inataka nia ya kulaghai. Nguo si ulaghai, na kitambulisho chako halisi si cha mtu mwingine. Toa jina lililo kwenye kitambulisho, hata kama hulipendi. Ukitoa lile lisilo kwenye karatasi, umewapa walichokuwa wakikitafuta. Omba wakili, na ufikishwe kortini ndani ya saa 24, au siku ya kwanza ya korti ikiwa muda huo umeangukia wikendi. Ukivuliwa nguo ili "wahakikishe", andika tarehe, kituo na nambari ya huduma ya afisa mara utokapo. Agosti 2025, Mahakama Kuu ya Eldoret ilimpa mwanamke aliyebadili jinsia fidia ya shilingi milioni 1 kwa alivyotendewa kizuizini, na kuiagiza Serikali ilete sheria ya kuwalinda watu kama yeye.

Mwanangu ni huntha, yaani alizaliwa na maumbile yasiyo ya kiume tu wala ya kike tu. Haya yanamhusu?

Machache tu, kwa kuwa yeye sheria inamtaja. Sensa ya 2019 ilihesabu mahuntha 1,524. Sheria ya watu waliozuiliwa, ya 2014, inamruhusu huntha kuchagua jinsia ya atakayempekua. Aliyebadili jinsia hakutajwa humo. Nayo Sheria ya Watoto ya 2022 inakataza kubadili au kuondoa kiungo cha mtoto huntha bila ushauri wa daktari wa jenetiki. Hospitali ikikuharakisha kwenye upasuaji, uliza ushauri huo umetolewa na nani, na uonyeshwe karatasi.