Mezani kwa Wasomaji: Ilani imeandika, boma halijaezekwa

Barua za toleo hili zimetoka mkoani Tanga, na karibu zote zina hoja moja: chama tawala, CCM, kiliahidi kwenye ilani yake ya uchaguzi, mbona hatuoni? Tumejibu tano. Maswali tumeyafupisha.

SWALI: Wazee husema ahadi ni deni. Barabara yetu imetajwa kwenye ilani ya CCM. Je, tunaweza kuidai mahakamani? (Msomaji, Makorora)

JIBU: Hapana. Ilani ni hati ya chama cha siasa, si sheria wala mkataba. Hata malengo ya taifa yaliyomo ndani ya Katiba, kama kuondoa umaskini na kusimamia uchumi kwa faida ya wote, ibara ya 7(2) imeyaweka nje ya uamuzi wa mahakama. Kama Katiba yenyewe haidaiki kwa njia hiyo, kijitabu cha kampeni kitadaika vipi?

Deni huanza pale ahadi inapopata fungu kwenye bajeti. Kuanzia hapo fedha zina jina, zina mwaka na zina ofisi inayozisimamia. Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, CAG, anazikagua na kumkabidhi Rais ripoti kila mwisho wa Machi, kisha inapelekwa bungeni. Na wewe mwenyewe, kwa Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, unaweza kuandika barua ukaomba taarifa za mradi, na ofisi ina siku 30 za kukujibu.

Kabla ya kuandika barua hiyo, rudi kwenye ilani usome kitenzi. "Kukamilisha" maana yake kazi imeshaanza na kwa kawaida mkandarasi yupo. "Kuendelea na ujenzi" haina mwisho. "Kufanya upembuzi yakinifu na usanifu wa kina" ni kazi ya kupima na kuchora: wataalamu wakimaliza michoro, ahadi imetimia hata kama hakuna koleo lililogusa ardhi. Watu wengi hudhani wameahidiwa lami, kumbe wameahidiwa karatasi.

Linganisha na Bandari ya Tanga. Pale kulikuwa na vipimo: kina kitoke mita 3 kifike 13, gati zenye urefu wa mita 450, ili meli ziache kutia nanga mbali na mzigo kuletwa kwa matishari. Gharama ilipita Sh bilioni 429. Ahadi ya namna hiyo inapimika. "Kuimarisha huduma" haipimiki, na mwanasiasa mzoefu analijua hilo.

SWALI: Kila kampeni tunaambiwa habari za barabara ya Tanga hadi Bagamoyo kupitia Pangani. Diwani wetu tukimuuliza anasema si yake. Anatukwepa? (Msomaji, Mwera, Pangani)

JIBU: Kwa hili msimlaumu. Barabara kuu na za mkoa ziko chini ya TANROADS, wakala wa barabara wa taifa. Barabara za wilaya, za mitaa na za vijijini ziko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, iliyoanza mwaka 2017. Halmashauri haina mkandarasi kwenye barabara yenu kubwa, kwa hiyo diwani hana la kuamuru pale. Anachoweza ni kupeleka hoja, naye mbunge kuibana wizara ya ujenzi bungeni.

Jambo la pili ni kwamba barabara mnayoiita moja ni mikataba kadhaa. Tanga hadi Pangani, kilomita 50, ni kipande chake. Daraja la Mto Pangani, mita 525, ni kingine. Upande wa Mkwaja ni kingine tena. Kila kipande kina mkandarasi wake na kalenda yake, ndiyo maana huku wanamwaga lami na kule bado ni vumbi. Ukiuliza "barabara itaisha lini" utajibiwa kwa jumla. Taja kipande.

Na uliza kuhusu hati za malipo. Mkandarasi akimaliza sehemu ya kazi, mhandisi msimamizi huipima na kutoa hati. Hati ikikaa bila kulipwa, mitambo huegeshwa, vibarua huachishwa, na riba ya ucheleweshaji huanza kuhesabika juu ya mlipakodi. Mara nyingi mvua husingiziwa kosa la hati. Sababu nyingine ya kweli ni fidia: nyumba au minazi ambayo haijalipwa ndani ya eneo la barabara inatosha kusimamisha kipande kizima.

Kwa barabara ya mtaani kwenu, nendeni kwa meneja wa TARURA wa wilaya mkiwa na jina la barabara, urefu, na mahali hasa panapokatika: kalvati limezibwa, mtaro haupo, kifusi kimesombwa. Msione haya. Tangu 2021 kila lita ya mafuta imeongezewa Sh 100 kwa ajili ya barabara za TARURA, kwa hiyo hata kijana wa bodaboda hapo kijiweni ni mchangiaji.

SWALI: Tulijitolea kwa msaragambo, tukainua boma la zahanati, yaani kuta bila paa, mpaka lenta. Tuliambiwa serikali itamalizia. Miaka inapita, popo wameingia. Tufanye nini? (Kikundi cha wasomaji, Muheza)

JIBU: Utaratibu wa wananchi kuinua boma na serikali kumalizia upo kweli, na kiasi kilichozoeleka kwa boma la zahanati ni Sh milioni 50. Ila fedha haziji kwa sababu boma linaonekana kutoka barabarani. Zinakuja kwa sababu limeandikwa.

Anzeni na mambo matatu. Kwanza, je, boma limo kwenye orodha ya maboma ya halmashauri? Nendeni kwa mganga mkuu wa wilaya na ofisi ya mipango. Lisipokuwemo, hata mbunge akipaza sauti Dodoma, jina halitasomwa. Pili, je, mhandisi wa halmashauri alilikagua? Boma lililojengwa bila ramani ya Wizara ya Afya, au lenye msingi mfupi, huachwa kimyakimya kwa kuwa hakuna anayetaka kuweka sahihi juu yake. Tatu, je, eneo ni mali ya kijiji kwa muhtasari na hati ya makubaliano? Mzee aliyetoa shamba kwa mdomo akifariki, warithi huja.

Kisha fuateni kalenda, maana hapa ndipo watu wengi hukosea: wanapeleka madai Juni wakati bajeti inasomwa. Wamechelewa. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, lakini vipaumbele vya vijiji vinakusanywa kuanzia Oktoba hadi Desemba. Vinapita kamati ya maendeleo ya kata, ambayo mwenyekiti wake ni diwani na katibu ni mtendaji wa kata. Mwanzoni mwa mwaka wa kalenda Baraza la Madiwani linapitisha, ndipo mkoa, TAMISEMI (ofisi ya serikali za mitaa) na Bunge. Njiani kila ngazi inapunguza ili kuingia kwenye ukomo wa bajeti uliowekwa na Hazina. Kijiji kikipeleka vipaumbele kumi, mkato utaamuliwa na wengine. Pelekeni viwili, boma likiwa la kwanza.

Fedha zikifika, kazi ndogo kama hii mara nyingi hufanywa kwa fosi akaunti: fundi wa hapohapo, na kamati za wananchi za ujenzi, manunuzi na mapokezi. Kamati ya mapokezi ndiyo muhimu zaidi na ndiyo inayodharauliwa zaidi. Hesabuni mifuko inaposhushwa, msihesabu risiti. Bati lililoandikwa geji 28 likiletwa la geji 30 ni jembamba zaidi, kwani namba ikipanda unene unashuka. Kwa upepo wetu wa pwani na chumvi yake, tofauti hiyo mtaiona mapema. Mjumbe wa mapokezi asisaini akiwa nyumbani kwake.

Tena, msimalize fedha zote kwenye jengo. Zahanati nyingi zimepakwa rangi na hazifunguliwi kwa kukosa choo, maji, kichomea taka na shimo la kondo la nyuma. Nyumba ya mtumishi nayo: muuguzi akipangiwa kijiji kisicho na pa kulala, ataomba uhamisho kabla hajafungua begi.

SWALI: Ile asilimia 10 ya mikopo ya vikundi inahesabiwa kutoka fedha gani? (Msomaji, Pongwe)

JIBU: Kutoka mapato ya ndani ya halmashauri tu, yaani ushuru, leseni na tozo zake, si ruzuku ya Hazina. Asilimia 4 ni za wanawake, 4 za vijana, 2 za watu wenye ulemavu, na mkopo hauna riba. Ndiyo maana fungu la Jiji la Tanga haliwezi kulingana na la Pangani. Utoaji ulisimamishwa Aprili 2023 baada ya udhaifu wa vikundi hewa na marejesho kuonekana, ukarudi mwaka 2024. Atakayekuomba "ya chai" ili jina lipite, piga 113, TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, bila malipo.

SWALI: Mimi si mwanachama wa CCM. Nina haki ya kuhoji utekelezaji wa ilani? (Msomaji, Maramba, Mkinga)

JIBU: Kuna vikao viwili, usivichanganye. Taarifa ya utekelezaji wa ilani inayosomwa kwenye Halmashauri Kuu ya CCM ya wilaya ni ya wajumbe wa kikao hicho. Huko huna kiti. Vilevile balozi wa shina ni kiongozi wa chama, hana mamlaka ya serikali ya kukutoza mchango.

Mkutano mkuu wa kijiji ni kitu kingine. Kila mkazi mwenye miaka 18 au zaidi ni mjumbe, awe na kadi ya chama chochote au hana kabisa. Unapaswa kuitishwa kila baada ya miezi mitatu, na mapato na matumizi yasomwe. Usiulize pale kuhusu ilani; uliza mradi, mwaka wa fedha, kiasi kilichopokelewa, kilichotumika na kilichobaki. Mkutano usipoitishwa, andikeni barua kwa mtendaji wa kata, nakala kwa mkurugenzi wa halmashauri, na mbaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.

Ukishauliza, mwombe mtendaji aandike swali lako kwenye muhtasari, na mkutano unaofuata, muhtasari unaposomwa kabla ya kuthibitishwa, sikiliza kama limo.