Kabla ya Kuongeza Vyumba vya Kupangisha, Tenganisha Luku

Hivi karibuni msomaji mmoja wa Morogoro aliniandikia akitaka kujua kama atumie mafao yake ya kustaafu kuongeza vyumba viwili katika nyumba yake yenye wapangaji wanne. Kabla ya kumjibu nilimuuliza jambo moja tu: wapangaji hao wana mita ngapi za umeme? Akasema wote wanachangia moja. Ushauri wangu kwake, na kwako wewe unayetamani kuishi kwa kodi za nyumba, ni kwamba vyumba visubiri.

Nyumba yangu iko Mbagala na ina vyumba sita. Wapangaji walikuwa wakichangia Luku moja, yaani mita moja ya umeme wa kulipia kabla, kila chumba kikitoa kiasi kilekile. Mama mmoja alikuwa na friji ya kugandishia barafu za kuuza, na jirani yake alikuwa kijana wa bodaboda ambaye umeme wake wote ulikuwa taa moja na kuchaji simu. Daftari la michango lilining'inia kwa kamba kwenye msumari karibu na meinswichi, kurasa zake zimejaa majina yaliyokatwa kwa kalamu nyekundu, na uniti zilipoisha usiku wa manane aliyepigiwa simu nilikuwa mimi. Muuguzi mmoja, aliyelipa kodi ya miezi sita kabla hata sijamkumbusha, alihama kwa kuchoshwa na ugomvi huo. Bado inaniuma, hasa kwa kuwa dalali aliyemtafutia chumba kingine ni yuleyule niliyekuwa nikimlipa aniletee wateja.

Chini ya ugomvi huo kulikuwa na hesabu ambayo wenye nyumba wengi hawaipigi. Mteja wa nyumbani asiyezidisha uniti 75 kwa mwezi huwekwa kundi la bei nafuu la D1, ambako uniti hizo 75, pamoja na kodi na tozo zake, ni shilingi 9,150. Mita inayolisha vyumba sita haiwezi kubaki humo. Huhamishiwa T1, kundi la bei ya kawaida, ambako shilingi 10,000 hazinunui zaidi ya uniti 28 hivi. Yule kijana alikuwa akiwasha taa yake kwa bei inayokaribia mara tatu ya ile aliyostahili. Mafundi watakushawishi uweke submita, yaani mita ndogo ya kila chumba nyuma ya mita kubwa, kwa kuwa ni rahisi, nazo kweli zitaonyesha nani katumia nini, lakini mita kubwa itabaki T1 na kila uniti itaendelea kununuliwa kwa bei ileile.

Kutenganisha kuna gharama. Mwaka 2022 ada ya kuunganishiwa umeme mjini ilipanda kutoka shilingi 27,000 hadi 320,960 kwa mteja wa umeme wa njia moja (single phase) aliye ndani ya mita 30 kutoka kwenye nguzo, kwa hiyo nilikwenda chumba kwa chumba kadiri kodi zilivyoingia. Sasa dalali yuleyule huwaambia wateja kwamba kwangu umeme unajitegemea, na chumba kikiachwa wazi hakimalizi mwezi. Nimepandisha kodi na hakuna aliyenung'unika.

Lipo jambo jingine ambalo sisi wenye nyumba tunalifumbia macho, nalo ni dhuluma. Tangu 2021 kodi ya jengo hukatwa kupitia Luku, na tangu 2023 ni shilingi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Anayenunua umeme ni mpangaji, ilhali mdaiwa ni mwenye jengo. Nenda kwenye ofisi inayosimamia kodi ya jengo na namba za mita zako zote ili kodi hiyo ikatwe kwenye mita moja tu, kisha mrudishie mwenye mita hiyo fedha yake bila kusubiri akudai. Mimi hupunguza shilingi 9,000 katika kodi yake ya chumba ya kila miezi sita, na kipengele hicho kimo katika mkataba, juu ya sahihi yangu.