Mamangu asije akawa kama jirani yetu

SWALI: Asalaam aleikum Bi Fizio. Mamangu ana miaka 64, tunakaa Kibokoni, ghorofa ya pili, ngazi zile za zamani za kupanda wima. Daktari amemshauri abadilishwe goti la kulia. Anaogopa, maana jirani yetu alifanyiwa mwaka jana na mpaka leo analalamika. Mama pia anaumwa mgongo na bega, usiku halali, na tramadol, ile dawa kali ya kutuliza maumivu, anameza kila siku. Eksirei yasema goti limelika kiasi tu. Je, kuna kipimo cha kutujulisha mapema kama maumivu yatabaki?
Binti wa Kibokoni

JIBU: Waaleikum salaam, mwanangu. Kipimo cha kumwambia mtu ndiyo au la hakuna, si hapa Mombasa wala Uingereza. Watafiti wametunga hesabu za kubashiri, na bado zinakosea mno. Zilizopo ni dalili, na barua yako imezitaja karibu zote.

Katika watu 10 waliobadilishwa goti, kama 2 hubaki na maumivu ya kuwasumbua kwa muda mrefu, hata kama goti bandia limekaa sawasawa. Jirani yenu huenda ni katika hao. Msimwambie anadeka.

Kwa mamako, kinachonishughulisha zaidi ni hilo neno “kiasi tu”. Wengi hudhani goti lililolika kidogo ndilo litakalopona vizuri. Mara nyingi huwa kinyume: anayefaidika sana ni yule ambaye mfupa umeshagusana na mfupa. Ikiwa goti limelika kidogo na maumivu ni makali, yawezekana mengine yanatoka kwingine. Mgonjwa akija kwangu humwambia anioneshe kwa kidole panapouma. Mmoja hugusa upande wa ndani wa goti, basi. Mwingine hupitisha kiganja kutoka nyonga hadi kifundo. Huyo wa pili nikimzungusha nyonga akaruka, namrudisha kwa daktari nyonga ipigwe eksirei kwanza. Mwombeni daktari wenu amtazame nyonga na mgongo kabla ya kupanga siku. Upasuaji huu si wa dharura.

Tramadol ya muda mrefu kabla ya kisu huendana na maumivu zaidi baadaye. Asiiache ghafla, daktari ampunguzie polepole. Usingizi na hofu navyo vitajwe kliniki, wala asione haya. Kuvitaja si kusema kwamba maumivu ni ya kujitungia.

Baada ya upasuaji, maumivu makali ya siku za mwanzo nayo ni dalili mbaya. Wanawake wetu wa pwani husifiwa kwa kuvumilia. Wodini sifa hiyo haimfai mtu. Aseme, apewe dawa, asimame afanye mazoezi.

Ikifika miezi 3 na bado anaumia sana, rudini, msingoje mwaka. Utafiti wa STAR wa Uingereza, uliochapishwa 2022, uliwachukua wagonjwa wa namna hiyo. Waliochunguzwa chanzo cha maumivu, wakapelekwa kwa wahusika na kufuatiliwa kwa simu, walipata nafuu kuliko wenzao, ingawa si kubwa sana. Lakini goti likiwa la moto na jekundu, kidonda kikitoa usaha, au akipata homa, mpelekeni siku hiyo hiyo, hata kama ni Ijumaa jioni.