Umechagua jiografia na umepotea? Anzia kwenye ramani

Msomaji mmoja ameniandikia akilalamika. Wiki iliyopita darasani walikuwa kwenye miamba, wiki hii ni msongamano wa watu, wiki ijayo pepo na mvua, na yote hayo yanaitwa jiografia. Anauliza kama somo hili lina mipaka kweli, au ni kapu la kutupia kila kilichokosa mwenyewe.

Mipaka ipo. Usiitafute kwenye orodha ya mada, itafute kwenye swali. Mwanajiolojia akiokota jiwe anataka kujua limefanyikaje. Mchumi akiingia sokoni anataka kujua bei na kwa nini imepanda. Mtu wa jiografia akikutana na jiwe lilelile au soko lilelile anauliza: kitu hiki kiko wapi, kwa nini kiko hapa na si pale, na kuwa kwake hapa kunaleta nini kwa vilivyo jirani. Ndiyo maana baadhi yetu tunanuna tukiombwa kutaja mji mkuu wa nchi fulani, halafu tunaambiwa "si wewe ndiye umesoma jiografia?" Kukariri majina ni kazi ambayo hata kasuku anaiweza.

Mgawanyo wa kawaida hauna maneno mengi. Kuna jiografia ya maumbile: sura ya nchi, tabianchi, maji, udongo, uoto. Kuna jiografia ya watu: idadi na uhamaji, makazi, kilimo, viwanda, usafirishaji. Halafu kuna mbinu, yaani ramani, picha za anga na za setilaiti, takwimu na upimaji. Wengi hulisukuma fungu hili la tatu mpaka wiki ya mwisho kabla ya mtihani, na ndilo linalowaangusha.

Uone swali la "wapi" lina nguvu gani, chukua London mwaka 1854. Kipindupindu kilikuwa kinaua watu mtaa wa Soho, na wasomi wengi waliamini kinaletwa na hewa chafu. Daktari John Snow alifuatilia marehemu walikuwa wakiishi wapi, akakuta vifo vimelizunguka bomba moja la maji pale Broad Street. Ila sehemu tamu zaidi ni pale ambapo watu hawakufa. Kiwanda cha bia kilikuwa jirani kabisa na bomba lile, na wafanyakazi wake walisalimika, kwa sababu walikunywa bia na kiwanda kilikuwa na kisima chake. Kwa hiyo ukitazama ramani yoyote, usiishie kwenye vitone vilivyosongamana. Kagua na penye pengo, maana hapo mara nyingi ndipo sababu inapojificha.

Sasa tuingie kwenye ramani yenyewe. Kipimio cha 1:50,000 maana yake sentimita 1 kwenye karatasi ni sentimita 50,000 ardhini, yaani mita 500, kwa hiyo sentimita 2 ni kilomita 1. Hapo wengi wako salama. Kosa huja kwenye eneo. Mraba wa sentimita 1 kwa 1 ni nusu kilomita mara nusu kilomita, yaani kilomita za mraba 0.25, si 0.5. Kipimio cha urefu lazima ukizidishe kwa chenyewe kabla ya kugusa eneo.

Jihadhari pia na nakala za fotokopi. Ramani ikikuzwa au kupunguzwa, maandishi ya 1:50,000 yanabaki palepale ingawa si ya kweli tena. Mstari wa kipimio uliochorwa chini ya ramani hukua na kupungua pamoja na ramani, kwa hiyo huo ndio wa kuuamini.

Kupima barabara yenye kona, tumia ukingo wa karatasi. Weka alama mwanzo wa barabara, fuata kipande kilichonyooka, weka alama kwenye kona, bana karatasi hapo kwa ncha ya penseli, izungushe ifuate kipande kinachofuata. Vipande vikiwa virefu mno unakata kona, na jibu linatoka fupi kuliko njia yenyewe.

Kontua, yaani mistari inayounganisha sehemu zenye kimo kimoja, nazo zina mtego wake. Bonde na mkono wa mlima (mgongo unaochomoza kutoka mlimani) vyote huchorwa kwa umbo la V, na kwa jicho la haraka havitofautiani. Soma namba. Ncha ya V ikielekea kwenye namba kubwa, hilo ni bonde, na mto unatoka upande huo. Ikielekea kwenye namba ndogo, huo ni mkono wa mlima. Kwenye mteremko, tuseme unapanda kutoka mita 240 hadi mita 640, na umbali kwenye ramani yetu ni sentimita 8. Tofauti ya kimo ni mita 400, umbali ni mita 4,000, mteremko ni 1:10. Anayegawa 400 kwa "kilomita 4" anapata 100 na hashtuki kwamba amechanganya vipimo.

Upande wa maelezo, adui ni jibu la neno moja. Ukiulizwa kwa nini upande mmoja wa safu ya milima ni mkavu, "kwa sababu ya milima" halitoshi. Fuata mnyororo: upepo wenye unyevu unakutana na mlima, unalazimika kupanda, unapoa kadiri unavyopanda, mvuke unageuka matone, mvua inanyesha upande unaopokea upepo. Ukivuka kilele, upepo umeshapoteza maji mengi, unashuka, na unaposhuka unapata joto, kwa hiyo mawingu yanayeyuka. Ukiruka hatua moja, jibu limekatika, hata kama mwanzo na mwisho ni sahihi.

Kwenye takwimu, usiabudu wastani. Misri ina eneo la takriban kilomita za mraba milioni 1 na watu zaidi ya milioni 100. Ukigawa unapata watu mia na ushei kwa kilomita ya mraba, namba ambayo haielezi karibu sehemu yoyote ya nchi hiyo: zaidi ya watu 9 kati ya 10 wamebanana kwenye bonde na delta ya Nile, na jangwa ni karibu tupu. Vivyo hivyo ramani ya kutia rangi kwa mikoa haipakwi kwa jumla ya watu, bali kwa watu kwa kilomita ya mraba. La sivyo mkoa mkubwa utaonekana umejaa kwa sababu tu ni mkubwa.

Mwisho, angalia makadirio ya ramani ya dunia uliyo nayo, yaani namna dunia ya mviringo ilivyohamishiwa kwenye karatasi bapa. Kwenye ile ya mchora ramani Mercator ya mwaka 1569, Greenland inaonekana kuwa na ukubwa karibu sawa na wa Afrika. Afrika ina kilomita za mraba kama milioni 30, Greenland kama milioni 2.2. Mercator aliitengeneza kwa ajili ya mabaharia, ili mwelekeo mmoja wa dira uwe mstari ulionyooka, na kwa kazi hiyo ni nzuri mno. Kwa kulinganisha ukubwa wa nchi, tafuta ramani iliyoandikwa kwamba inahifadhi eneo.