Swali la lugha: "Mwone daktari" au "mwone daktari mmoja"?

SWALI: Natafsiri maelekezo ya vifaa vya tiba kutoka Kiingereza. Mhariri wangu amefuta karibu kila "hicho" na kila "mmoja" niliyoandika, akidai Kiswahili hakiyahitaji. Mimi naona pasipo maneno hayo msomaji hatajua kama tunasema kitu kilekile au kitu chochote tu. Waingereza wana "the" na "a"; sisi tuna nini? Na je, Kiswahili kinaweza kumsaidia mwanafunzi anayehangaika na vijineno hivyo?
— Msomaji, Morogoro

JIBU: Mhariri wako amefuta kwa haki, ila sababu aliyokupa ni fupi mno. Tazama sentensi ulizotuletea za mashine ya kupima presha: "Fungua kifuniko hicho. Bonyeza kitufe hicho hadi taa hiyo iwake. Presha ikizidi kuwa juu, mwone daktari mmoja." Mgonjwa aliyeishika mashine mkononi anakiona kifuniko, na ni kimoja. Ukimwambia "kifuniko hicho" atarudi nyuma kutafuta ni kipi ulichokwisha kumtajia. Na hiyo ya daktari ndiyo mbaya zaidi, maana inasomeka kana kwamba kuwaona wawili kumekatazwa. Andika: "Fungua kifuniko. Bonyeza kitufe hadi taa iwake. Presha ikizidi kuwa juu, mwone daktari." Hakuna kilichopotea.

Kiswahili hakina kijineno cha kazi hiyo ya "the" na "a", wala si peke yake. Kirusi hakina, Kilatini hakikuwa nacho. Kiarabu kinacho, "al", lakini tulipoazima maneno mara nyingi tulikiacha hukohuko: twasema kitabu, si "alkitabu". Kiliponasa, kilinasa kama silabi tu ya neno: alfajiri, alasiri, Alhamisi. Hata adhuhuri imo humo, "l" yake ilikwisha kumezwa tangu kwenye Kiarabu chenyewe.

Kazi hiyo kwetu hufanywa zaidi na kitenzi. Sikiliza maswali haya mawili ya jikoni: "Nani amekula ugali?" na "Nani ameula ugali?" La kwanza linaweza kuwa la mama anayetaka kujua nani ameshiba. La pili, kaa chonjo: kulikuwa na ugali umewekwa, umefunikwa, na mwenyewe amerudi. Tofauti yote imebebwa na "u" moja, kiambishi cha yambwa, yaani silabi ndani ya kitenzi inayowakilisha kinachotendwa. Vivyo hivyo "nimenunua ndoo" ni habari mpya, lakini "nimeinunua ndoo" huambiwa mtu aliyekuwa akiijua safari hiyo ya dukani. Mfasiri anayelisahau hilo ndiye huishia kumwaga "hicho" na "hiyo" kila mstari, kwa sababu anatafuta mbele ya nomino kitu ambacho sisi tumekiweka ndani ya kitenzi.

Kwa watu na wanyama mambo yanachanganyika kidogo. Katika Kiswahili sanifu twasema "nimemwona daktari" awe anajulikana au hajulikani, kwa hiyo kile kiambishi peke yake hakikuambii kitu. (Mijini Kenya utasikia sana "nimeona daktari", huo ni mjadala wa siku nyingine.) Lakini chukua kitenzi kama kutafuta. "Natafuta fundi": yeyote atakayeziba bomba. "Namtafuta fundi": yule aliyekula pesa za watu na simu kazima. Na kijana akikuambia "natafuta mchumba", hujamsikia akisema "namtafuta mchumba" mpaka awe naye tayari na amempotea sokoni.

Hapo katikati ndipo "mmoja" anapopata kazi yake halali. "Nilikutana na daktari mmoja pale Msamvu" ni maneno ya mtu anayejua anamsema nani, wewe ndiye humjui, na karibu kila mara kuna hadithi inafuata. Ndiyo maana ngano zetu huanza na "paliondokea sultani mmoja". Msikilizaji anategea. Akiisha kutajwa, anakuwa "yule sultani", na "yule" hutangulia nomino kwa sababu sote tumeshamjua. Katika maelekezo ya mashine hakuna hadithi, basi usimtegeshe mgonjwa.

Mpangilio wa maneno nao una sauti. "Kuna gari nje" ni gari fulani, huenda la wezi. "Gari liko nje" ni lile mlilokuwa mkilingoja, toeni mizigo. "Amekuja mgeni" na "mgeni amekuja" vimepishana kwa njia hiyohiyo, ingawa si kwa ukali huo.

Sasa "huyo" na "hicho". Haya hurejelea lililokwisha kutajwa, na yana faida pale jina linapobadilika: ukimtaja mtu kwa jina lake, kisha ukasema "mbunge huyo", umemwonyesha msomaji kuwa ni mtu yuleyule. Wanahabari wetu wameuchukua ujanja huu wakaufanya ugonjwa. Aya moja ina "kiongozi huyo", "mwanasiasa huyo" na "baba huyo wa watoto watatu", ilhali "alisema" ingetosha, kwa kuwa "a-" inamhusu yeye.

Kuhusu mwanafunzi: ndiyo, anaweza kujipima. Sentensi yake ya Kiswahili ikikubali "yule" au "kile" bila kubadilika maana, aelekee kwenye "the". Ikikubali "kuna" au "mmoja" wa hadithi, ajaribu "a". Hapo atapata nyingi, si zote. Kipimo hiki hakimfai kabisa kwenye majina ya mahali, maana Waingereza husema "the Rufiji" na "the Indian Ocean", lakini "Lake Victoria" huachwa bila kitu. Husema "Mount Kilimanjaro", halafu milima ikiwa safu nzima "the" inarudi: "the Usambara Mountains". Mito, bahari na safu za milima hupewa. Ziwa na mlima mmoja hunyimwa. Hayo ayakariri tu, kama mwenzake Mwingereza anavyokariri ngeli zetu.