Kufika Oktoba bila kangomba

Swali la wiki: “Nyumbani hawaishi kukulinganisha na ndugu yako. Utajuaje kama nawe umefanikiwa?”

Anza na mwezi mnaolinganishwa. Huku Mtwara hela ya korosho huanza kuonekana Oktoba, minada ikifunguliwa. Ndugu aliye mwalimu hupokea mshahara kila mwezi. Ukiwapima Aprili unamwonea mkulima, ukiwapima Desemba unamwonea mwalimu. Hesabu mwaka wa Oktoba hadi Septemba.

Pili, hesabu kinachobaki mkononi. Mwenye mikorosho 60 mikubwa, kwa robo kilo ya salfa, dawa ya ukungu, kila mti, anamaliza kilo 15 kwa raundi moja. Raundi nne ni kilo 60. Ongeza petroli ya mashine, palizi, waokotaji na makato ya chama cha msingi cha ushirika. Wengi hutaja mauzo tu, wakajiona matajiri Novemba na wazembe Machi. Ndugu wa Dar naye mtolee kodi ya nyumba, nauli na marejesho ya mkopo. Gari analokuja nalo Idi halikuandikwa deni ubavuni.

Umri wa shamba nao una neno. Eka moja ya nafasi ya mita 12 kwa 12 inaingia miche 28, na mwaka wa tatu unapata korosho za kuonja tu. Aliyerithi mikorosho ya babu hayumo kwenye hesabu hiyo.

Sasa chagua kipimo chako, kimoja au viwili, ambavyo ungevitaka hata kama hakuna anayekuona. Mimi naona kwa mkulima wa huku hakuna kipimo kizuri kama kutouza kangomba, yaani kwa walanguzi nje ya mnada, kwa bei ya chini. Anayemaliza korosho zake kwa kangomba Julai, zingali maua, kwa sababu ya ada au msiba, atavuna kwa ajili ya mwingine hata akiwa na nyumba ya bati. Kwa hiyo hela ya mnada ikiingia, tenga kwanza ada ya Januari, chakula cha masika na salfa. Kinachosalia ndicho cha kujengea.

Anayebaki nyumbani aandike pia siku za kumpeleka mama hospitali ya Ligula. Si za kudai. Ni kazi, na kwenye vikao vya familia husahaulika.

Mama akisema “mwenzio keshaezeka,” usimjadili mwenzio. Mwambie: “Mama, mwaka huu nimepanga kufika Oktoba bila kangomba.” Atauliza bati lini. Mtajie msimu, na usiutaje kama hujaupigia hesabu.